Kijana Aliyeomba Tarumbeta

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Ninayaanza makala haya kwa methali hiyo si kwa sababu ya mazoea yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ya kufungua kila insha kwa methali, bali kwa sababu nina deni nayo. Niliitumia siku moja mbele ya watu, nikasifiwa kwa kuitumia, na tangu siku hiyo haijapata kutulia moyoni mwangu.

Mapema mwaka wa 2021 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wavulana huko Othaya, Kaunti ya Nyeri. Sikuwa nimeajiriwa na serikali. Nilikuwa mwalimu wa bodi, yaani yule anayelipwa kidogo na kutumwa sana. Othaya ni nyumbani kwetu. Ni nchi ya vilima vilivyovikwa majani ya chai, Mlima Karima ukiuchungulia mji, na safu ya Nyandarua ikiwa imesimama upande wa magharibi mithili ya ukuta. Alfajiri, kabla ukungu haujainuka, sauti husafiri mbali sana katika mabonde hayo. Mtu akikohoa ng'ambo ya mto utamsikia kana kwamba yumo chumbani mwako.

Shuleni palikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye wenzake walimpa jina la Coro. Kwa lugha ya Kikuyu, coro ni pembe iliyopulizwa zamani kuwaita watu wakusanyike, na ndiyo iliyoipa jina idhaa ya Coro FM ya Shirika la Utangazaji la Kenya. Jina hilo lilimstahili. Alikuwa amekata kipande cha mpira wa kumwagilia maji, akachomeka faneli ya mafuta ya taa upande mmoja, na upande wa pili akaweka midomo yake. Mtu asiyejua angedhani kwamba kinachohitajika ni pumzi tu. Sivyo. Ni midomo inayotetemeka ndiyo inayozaa sauti. Pumzi huisukuma, na mpira huikuza. Kwa kuibana midomo au kuilegeza, Coro aliweza kutoa sauti nne au tano zilizopangika vizuri, zilezile ambazo askari hutumia katika parapanda ya kambini, ambayo nayo haina vitufe vya kubonyeza. Hakuwa amefundishwa na mtu yeyote.

Ubaya ni kwamba alizitoa sauti hizo wakati wowote zilipomjia. Alipuliza wakati wa masomo ya jioni. Alipuliza Jumapili mahubiri yakiendelea. Kuna siku aliamsha shule nzima saa kumi za usiku, na mabweni mawili yakatoka nje kwa hofu yakidhani kuna moto. Tulimnyang'anya kifaa chake mara tatu, na mara tatu akakitengeneza kingine, na kila mara mpira wa bustani ya shule ukazidi kuwa mfupi.

Msomaji atakumbuka hali ya wakati ule. Shule zilikuwa zimefungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, mabweni yalianza kuteketezwa hapa na pale nchini. Walimu tulilala jicho moja likiwa wazi. Katika hali hiyo, kijana mwenye kuamsha watu usiku hakuonekana kuwa mwanamuziki. Alionekana kuwa kiberiti.

Kikao cha walimu kiliitwa. Mwalimu mmoja mzee alijaribu kumtetea, akasema huyu ni mtoto tu na utoto humtoka mtu kwa wakati wake. Hapo ndipo niliposimama mimi, mwalimu kijana kuliko wote, mwenye hamu ya kuonekana kwamba nami nimo. Nikasema: "Waheshimiwa, samaki mmoja akioza, huoza wote." Vichwa vikatikiswa kwa kukubali. Mtu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao aliniomba niirudie methali ili aiandike sawasawa, nami nikairudia polepole, nikiwa na furaha. Coro akaambiwa aende nyumbani hadi atakapoitwa.

Hakuitwa.

Nililisahau jambo hilo, au nilidhani nimelisahau, hadi nilipojiunga na masomo ya uzamili. Nilikuwa nikijiandaa kwa semina kuhusu tawasifu. Nilikuwa nimekwisha kusoma *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* ya Shaaban Robert, nikataka kitabu cha Mwafrika mwingine wa kumlinganisha naye. Katika rafu za maktaba nikaangukia tawasifu ya Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, iliyochapishwa mwaka wa 2004 kwa jina la *Still Grazing*. Nilikichukua kwa ajili ya semina. Nilikirudisha nikiwa na jambo jingine kabisa la kufikiria.

Hugh Ramapolo Masekela alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 huko KwaGuqa, kitongoji cha Waafrika karibu na Witbank, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Miaka yake ya mwanzo alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akiuzia wachimba migodi pombe nyumbani kinyume cha sheria ya wakati ule. Wanaume hao walikuwa wametolewa katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika kwa magari ya moshi, na walipolewa walilia kwa kukumbuka makwao. Mtoto aliyasikia maombolezo hayo kabla ya kujua maana yake. Miaka mingi baadaye aliyatungia wimbo wa garimoshi, "Stimela", ambao aliupiga jukwaani hadi uzeeni mwake.

Alipopelekwa katika shule ya bweni ya St Peter's, Johannesburg, hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alikuwa mtukutu, mwenye kugombana na walimu na kuvunja sheria za shule. Aliyesimamia mambo hapo alikuwa padri Mwingereza, Trevor Huddleston, ambaye Waafrika wa Sophiatown walimpenda kwa kusimama nao dhidi ya ubaguzi. Kijana alipofikishwa mbele yake kwa mara nyingine, padri hakumhubiria. Alimwuliza anataka kufanya nini hasa maishani mwake. Masekela alikuwa ameona filamu ya mwaka wa 1950 iliyoigizwa na Kirk Douglas kuhusu mpiga tarumbeta wa jazi. Akajibu kwamba akipatiwa tarumbeta, hatamsumbua mtu tena.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda. Mbele yangu palikuwa na kikao kingine, na kijana mwingine mtukutu, na mtu mzima mwingine aliyekuwa na uwezo wa kusema neno. Neno la padri lilikuwa swali. Langu lilikuwa methali.

Huddleston alimnunulia tarumbeta, akamtafutia na mwalimu, mzee Sauda, aliyeongoza bendi ya Waafrika ya manispaa ya Johannesburg. Kelele za mwanzo zilikuwa za kuumiza masikio, lakini wavulana wengine walipoona, nao wakaja na maombi yao: huyu anataka saksafoni, yule tromboni. Ikazaliwa bendi iliyobeba jina la padri huyo, na humo wakatoka wanamuziki wakubwa, akiwemo Jonas Gwangwa.

Kisha padri akaitwa arudi Uingereza. Akiwa safarini Marekani alikutana na Louis Armstrong, akamsimulia habari za wale vijana wa Johannesburg, na Armstrong akatoa tarumbeta moja kati ya zake mwenyewe. Mwaka wa 1956 tarumbeta hiyo ilimfikia Masekela. Ipo picha maarufu iliyopigwa na Alf Kumalo inayomwonyesha kijana huyo akiruka juu kwa furaha, tarumbeta mkononi.

Kwa nini Armstrong alitoa kwa wepesi vile? Siwezi kuingia moyoni mwake, ila maisha yake yanatupa dokezo. Alizaliwa New Orleans mwaka wa 1901 katika umaskini mkubwa. Usiku wa kuamkia mwaka wa 1913, akiwa na umri wa miaka 11, alifyatua bastola barabarani kusherehekea mwaka mpya, akakamatwa na kupelekwa katika makao ya kuwarekebisha watoto weusi. Makao hayo yalikuwa na bendi, na mwalimu wa bendi, Peter Davis, hatimaye alimkabidhi koneti, ndugu mdogo wa tarumbeta. Kutoka kwenye koneti ile ya watoto watukutu kulitoka mtu aliyeibadilisha jazi nzima. Aliyewahi kukabidhiwa chombo akiwa mkosaji huenda hahitaji maelezo marefu anapoombwa chombo kwa ajili ya mkosaji mwingine.

Mwaka wa 1960 una jambo lililonishangaza. Watu hao watatu, yaani aliyetoa, aliyeomba na aliyepokea, wote walikuwa njiani. Masekela, baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi, aliondoka kwao kwenda London kusoma muziki, na kutoka huko akaenda New York. Armstrong alizuru Afrika kwa miezi kadhaa, akapiga muziki katika miji mingi ikiwemo Leopoldville na Elisabethville, ambayo leo ni Kinshasa na Lubumbashi, na akafika Nairobi, miezi michache tu baada ya Hali ya Hatari kuondolewa nchini Kenya. Wazee wetu wa Nyeri walikuwa ndio kwanza wanatoka vizuizini. Naye Huddleston alifanywa askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika.

Kwetu sisi wa Kiswahili, Masasi si jina geni. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere wa Zanzibar, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kuongoza kazi ya kutafsiri Biblia, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kundi hilo likaanzisha makazi yake huko Masasi. Basi mtu aliyempa Masekela tarumbeta alikuja kuwa mchungaji katika mji ulioanzishwa na watumwa waliowekwa huru, katika nchi inayozungumza lugha yetu, akaishi huko hadi 1968, akauona uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961 na kuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Sisi tunaomsoma Steere darasani tumekuwa majirani wa kisa hiki bila kujua.

Masekela alikaa nje ya kwao kwa muda wa miaka 30. Huko Marekani alisaidiwa na Harry Belafonte na Miriam Makeba, ambaye alimwoa mwaka wa 1964 na kuachana naye baada ya miaka michache. Mwanzoni alitaka kupiga jazi kama Wamarekani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Miles Davis alimwambia kwamba akifanya hivyo atakuwa mmoja tu kati ya maelfu, lakini akitia ladha ya kwao, wote watamsikiliza. Alitii. Mwaka wa 1968 kibao chake "Grazing in the Grass", ambacho hakina neno hata moja la kuimbwa, kilishika nafasi ya kwanza Marekani. Miaka sita baadaye, yeye na rafiki yake Stewart Levine walikuwa miongoni mwa walioandaa tamasha kubwa la muziki jijini Kinshasa, lililonuiwa kuandamana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Ningependa kukuambia, ndugu msomaji, kwamba tarumbeta ilimwokoa na kila kitu. Haikumwokoa. Tawasifu yake haifichi ulevi, kokeni, ndoa zilizovunjika wala fedha zilizopotea. Ilipofika mwaka wa 1997 ndipo alipoingia katika kituo cha matibabu nchini Uingereza na kuachana na uraibu, kisha akawasaidia wasanii wengine waliokuwa na tatizo hilohilo. Sina nia ya kumtakasa. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote hiyo alikuwa na kitu cha kurudia kila alipoanguka, na kitu hicho kilitokana na swali aliloulizwa akiwa mvulana.

Na sauti ya tarumbeta ile ilikwenda mbali. Akiwa Botswana mwaka wa 1985, alipokea barua ya kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa kutoka kwa Nelson Mandela, aliyekuwa gerezani. Mfungwa ndiye aliyemkumbuka mtu huru. Kutokana na barua hiyo akatunga wimbo wa kudai Mandela arudishwe nyumbani, ukaimbwa katika nchi nyingi. Mandela aliachiliwa Februari 1990, na mwaka huohuo Masekela akarudi kwao. Alifariki Johannesburg tarehe 23 Januari 2018.

Sasa turudi Othaya. Tarehe 30 Aprili 2022 tulimzika Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya. Ibada ilifanyika katika uwanja wa Shule ya Kurekebisha Tabia ya Othaya, ile ambayo wenyeji huiita Approved, wanakopelekwa wavulana waliokosana na sheria. Nilikuwepo miongoni mwa umati. Bendi ya jeshi ilipopita, shaba iking'aa, watu wengi waliinua simu zao kupiga picha. Hatua chache kutoka niliposimama nilimwona Coro. Alikuwa ameongezeka kimo. Hakuwa na simu. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya wapiga tarumbeta, si kwenye jeneza wala kwa wakubwa waliofika, na midomo yake ilikuwa ikibanika na kulegea, ikibanika na kulegea, bila sauti. Nilitazama pembeni kabla hajaniona.

Siku ile sikuwa nimesoma habari za Masekela wala za makao ya Armstrong. Nilipozisoma ndipo nilipoiona upya picha ile: uwanja wa shule ya watoto watukutu, tarumbeta zikilia, na mtoto mtukutu mmoja amesimama nje ya kamba. Na mimi mwalimu wake nikitazama pembeni.

Desemba iliyopita nilikuwa nikienda nyumbani. Katika kituo cha matatu mjini Nyeri, makanga wa gari la Othaya akaniita: "Mwalimu! Ingia, imebaki nafasi moja." Alikuwa yeye. Nilimsalimu, akaniamkia kwa adabu zote, akanipokea mkoba na kuuweka vizuri. Hapakuwa na chuki usoni mwake, na hilo lilinitia aibu zaidi. Kabla ya kupanda nilimshika mkono nikamwambia kwamba kuna swali nilipaswa kumwuliza mwaka wa 2021.

"Lipi, Mwalimu?"

"Ulikuwa unataka nini?"

Alicheka. Kisha akaona kwamba mimi sicheki, naye akanyamaza. Akasema, "Mwalimu, tarumbeta ni pesa ngapi?"

Nikamwambia sijui.

"Hata mimi sikujua," akasema. "Sikuwa na mtu wa kumwuliza." Akapiga ubavu wa gari kwa kiganja mara mbili, akapiga na mluzi, tukaondoka.

Kutoka Nyeri hadi Othaya nilikaa nikimtazama akining'inia mlangoni, akiwaita abiria. Kazi yake ilikuwa kuita, kama lile jina lake. Alikuwa akiifanya vizuri, na sidai kwamba kazi hiyo ni ya aibu. Wala sidai kwamba angekuwa Masekela. Huenda angeichoka tarumbeta baada ya muhula mmoja. Lakini hilo lilikuwa lake yeye kuligundua, na sisi tulimfungia mlango kabla hajajaribu, nami ndimi niliyeshika ufunguo kwa ulimi wangu.

Nawaambia hili wenzangu wa chama, kwa sababu wengi wetu tutakuwa walimu. Tumekabidhiwa hazina kubwa ya semi, na tunazijua kuliko walimu wa masomo mengine. Katika kikao chochote sisi ndio tutakaogeukiwa ili tupate kusema neno lenye uzito. Methali ni hekima iliyochujwa na wengi, lakini haimjui mtoto aliyesimama mbele yako. Tena hazina hiyohiyo ina lile lisemalo kwamba kuuliza si ujinga. Nilikuwa nalijua siku ile. Nalo limo katika orodha niliyowafundisha wanafunzi wa kidato cha pili muhula huohuo, Coro akiwa amekaa safu ya nyuma.

Tarumbeta zinauzwa katika maduka ya ala za muziki jijini Nairobi. Nimeanza kuuliza bei.